Mama akiwa kwenye kemo: Watoto waambiwe kabla nywele hazijanyonyoka

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuendelea na mada yetu ya watoto na simu, lakini kuna ujumbe ulioingia ambao hauwezi kusubiri foleni. Mada ya simu itakuja Jumapili ijayo, nisamehe.

Ujumbe ni wa baba mmoja wa Morogoro. Mke wake amegundulika kuwa na saratani ya titi, na ndani ya siku kumi ataanza tiba ya kemikali, ile ambayo wengi tumezoea kuiita kemo. Atatibiwa Ocean Road, hapa Dar es Salaam. Wana watoto watatu: mmoja darasa la sita, mwingine la pili, na mdogo wa miaka mitatu. Wameshaelezwa kwamba nywele zitatoka zote. Anaandika: "Dada, mama yao hataki wamwone akiwa kipara. Tumefikiria tuwapeleke kwa bibi yao Singida mpaka nywele ziote ndipo warudi. Wewe unaonaje?"

Ndugu yangu, kwanza pole, na umfikishie mkeo pole zangu. Ninavyoona mimi, kama sababu ni nywele tu, msiwapeleke. Kama sababu ni kwamba nyumbani hakuna wa kuwapikia na kuwapeleka shule siku mama anapokuwa hospitali, hilo ni jambo jingine na bibi ni msaada mkubwa. Lakini hata hapo, waondoke wakijua mama anaumwa nini na nini kitampata kichwani.

Tupige hesabu

Nadhani mmechukulia kwamba nywele zitapotea mwezi mmoja au miwili. Sivyo. Mpango mmoja unaotumika sana kwa saratani ya titi una dozi nane, kila moja ikitolewa baada ya wiki tatu. Kutoka dozi ya kwanza hadi ya nane ni wiki 21, karibu miezi mitano, na hapo sijahesabu dozi inayosogezwa mbele kwa sababu damu imeshuka. Nywele huanza kutoka wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza. Dozi ya mwisho ikipita, vinyweleo vya kwanza huonekana baada ya wiki kadhaa, na nywele za kichwani huota kama sentimita moja kwa mwezi. Ili msusi apate cha kushika, ongezeni nusu mwaka mwingine.

Jumla ni karibu mwaka mzima. Mtoto wa miaka mitatu anayekaa mwaka mbali na mama yake hamwachi kwa sababu ya kipara, anamwachia pengo kubwa zaidi ya hilo. Na yule wa darasa la sita yuko mbioni kuelekea mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Atahamishwa shule bila kuambiwa sababu, halafu atakaa Singida akisikiliza wakubwa wakinong'ona kwenye simu. Watoto wa umri huo hawahitaji kuambiwa neno "saratani" ili walijue.

Kwa nini nywele na si kitu kingine

Seli za saratani hugawanyika haraka, na dawa nyingi za kemo zimetengenezwa kuzishambulia seli zinazogawanyika haraka. Tatizo ni kwamba dawa haina macho. Mwilini mna seli nyingine zenye haraka hiyohiyo bila kuwa na kosa: zilizo kwenye mizizi ya nywele, kwenye utando wa mdomo na utumbo, na kwenye uboho unaotengeneza damu. Ndiyo maana mgonjwa hupata vidonda mdomoni, kichefuchefu, upungufu wa damu, na nywele hutoka. Kwa kawaida karibu tisa ya kila nywele kumi za kichwani ziko kwenye hatua ya kukua, kwa hiyo dawa ikipita, hukuta karibu zote zikiwa kazini.

Sio kila tiba ya saratani ya titi inaondoa nywele. Doksorubisini, ile dripu nyekundu, huziondoa karibu kwa kila mtu. Paklitakseli na dosetakseli pia. Lakini mionzi ya kifuani haigusi nywele za kichwani, na vidonge kama tamoksifeni, ambavyo humezwa kwa miaka mitano au zaidi, vinaweza kuzipunguza tu. Muulizeni daktari mapema: ni dawa zipi, dozi ngapi, na nywele zitatoka zote au kiasi? Mtajua cha kuwaambia watoto.

Na hili mlishike vizuri, kwa sababu linawachanganya hata wakubwa. Nywele kutoka si dalili kwamba saratani imeenea, wala si kipimo kwamba dawa inafanya kazi. Mgonjwa ambaye nywele zake zimebaki hajapewa dawa feki. Ni tofauti ya dawa na tofauti ya miili.

Mtoto anaona nini akiona kipara

Sisi wakubwa tunafikiria urembo. Mtoto anaweza kuwa anafikiria msiba. Katika baadhi ya makabila yetu wafiwa hunyolewa nywele baada ya maziko, na mtoto aliyeona babu akizikwa, halafu kesho yake shangazi zake wote wametoka nje wakiwa vipara, amejifunza kitu bila kufundishwa. Siku anamwona mama yake amenyolewa, hesabu anayoipiga kichwani ni hiyo. Hatauliza. Atalala na taa ikiwaka, ataanza kukojoa kitandani, atagombana na wenzake shuleni, na ninyi mtasema ameharibika tabia.

Mwingine atawaza kwamba yeye ndiye chanzo: alimsumbua mama, alimruka kifuani wakati wa kucheza. Mwingine ataogopa kula sahani moja na mama asije akaambukizwa. Haya yote yanakatwa na maneno machache yakisemwa mapema, na mapema maana yake ni kabla ya unywele wa kwanza kuonekana kwenye mto.

Kwa mdogo wenu maneno yatoshe kiganja: "Mama anaumwa titi. Daktari anampa dawa kali ya kumtibu. Dawa hiyo itaziangusha nywele za mama. Akizikosa bado ni mama. Dawa ikiisha, zitaota." Mtamwambia leo, na kesho atauliza tena kana kwamba hajawahi kusikia. Mwambieni tena kwa maneno yaleyale.

Wa darasa la pili aongezewe mambo mawili: haiambukizi, na hakuna mtu aliyeisababisha, si yeye, si mdogo wake. Anaruhusiwa kumkumbatia mama na kulala naye. Jambo jingine ambalo familia nyingi hulisahau ni kwamba ile dripu nyekundu hubadilisha rangi ya mkojo, ukawa mwekundu kwa siku moja au mbili. Mtoto akiingia chooni akakuta hivyo, atajua ni damu. Mwambieni kabla. Kwa siku hizo mbili za mwanzo baada ya dripu, mama amwage maji mengi chooni na kunawa kwa sabuni, na anayefua nguo zilizochafuka kwa matapishi au mkojo avae glavu, kwa sababu mabaki ya dawa hutoka mwilini kwa njia hiyo. Kucha na ngozi pia huweza kuwa nyeusi zaidi. Nalo waambiwe.

Mkubwa atauliza swali moja tu, nanyi mnalijua: "Mama atakufa?" Baba, usiseme "acha mawazo mabaya". Usimwahidi usichokimiliki pia. Mwambie kwamba saratani ya titi ni ugonjwa mkubwa, kwamba kuna wanaotibiwa wakapona, kwamba madaktari wameshaanza kazi, na kwamba kukiwa na habari mpya, nzuri au mbaya, atasikia kutoka kwako na si kwa jirani. Halafu utimize.

Usiwaambie "nywele zikiota, mama amepona"

Sentensi hii ni tamu na kila mtu huisema. Mimi naiogopa. Kwa wanawake wengi wa kwetu, ambao hufika hospitali uvimbe ukiwa umeshakuwa mkubwa, kemo hutangulia na upasuaji hufuata. Baada yake inakuja mionzi, halafu huenda vidonge vya miaka. Kwa maana hiyo nywele zinaweza kuanza kuota mama akiwa ndiyo kwanza anakwenda kufanyiwa upasuaji. Mtoto aliyeambiwa kwamba nywele ni alama ya kupona atashangaa, na akishashangaa mara moja, mara ya pili hatawaamini. Na kama siku moja mama atahitaji kurudia dawa na nywele zitoke tena, mtakuwa mmemwambia nini?

Semeni ukweli ulio mdogo: nywele zikiota maana yake zile dawa zinazoangusha nywele zimekwisha. Basi. Kupona kunapimwa na daktari.

Siku zinapoanza kutoka

Dalili ya kwanza huwa ni ngozi ya kichwa kuuma, hasa ukilaza kichwa kwenye mto. Wengine huhisi kama walisukwa wakabanwa sana jana yake. Kisha hutoka kwa mafungu: kwenye kitana, bafuni, kwenye kola ya nguo. Wanawake wengi husema siku hizo chache za kuokota nywele ni ngumu kuliko kipara chenyewe, na mimi naungana na wanaoamua kuzinyoa zote mara zinapoanza kutoka. Kama mama amesuka, afumue kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu rasta zilizokaa kwenye nywele zinazotoka hujifunga mafundo.

Kunyoa kuwe kwa mashine, si wembe. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, na mkwaruzo mdogo unaweza kuingiza vijidudu. Mashine isafishwe, au kinyozi aje nyumbani. Watoto wakitaka kuwepo, wawepo. Wasilazimishwe. Binti wa shule ya msingi ambaye mwenyewe hukatwa nywele kila mara kwa amri ya mwalimu huenda akafurahi kwamba safari hii mama naye kapatikana. Kicheko cha namna hiyo msikizuie.

Kuna kina baba hunyoa kipara ili kumuunga mkono mke. Ni jambo zuri, ila muulize kwanza. Wapo wanaofarijika, na wapo ambao hawataki vipara viwili ndani ya nyumba, mmoja wa kuchagua na mwingine wa kulazimishwa.

Na bibi akitaka kuzikusanya zile nywele na kuzichimbia mahali anapopajua yeye, mwacheni. Hilo halina dhara. Lenye dhara ni akileta dawa ya mitishamba ya kunywa ili nywele zisitoke, maana baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za hospitali au kulielemea ini. Chochote cha kunywa, daktari akijue kwanza.

Nywele hazitatoka kichwani tu. Nyusi na kope mara nyingi hufuata baadaye, pamoja na za kwapani na kwingineko. Hata za puani hutoka, ndiyo maana makamasi hutiririka bila mafua. Kwenye nyusi, wanja unasaidia sana. Wengine wanasema uso usio na nyusi uliwashtua kwenye kioo kuliko kichwa.

Kichwa kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kipakwe mafuta mepesi, hata ya nazi. Jua la kwetu linaunguza ngozi iliyokuwa imefichwa miaka yote, kwa hiyo nje avae kofia au ajifunge kitambaa. Kilemba cha khanga kuukuu ya pamba ni laini kuliko mitandio mingi ya dukani inayoteleza. Wigi ni sawa kama anataka, bila gundi. Ila za nywele za bandia zina adui mmoja jikoni: joto. Ukifunua sufuria au ukiinamia jiko la mkaa, zinajikunja na kuyeyuka. Avue anapopika.

Zipo pia kofia za kupoza kichwa wakati dripu inaingia. Baridi hubana mishipa ya damu ili dawa kidogo tu ifike kwenye mizizi ya nywele. Marekani iliidhinisha ya kwanza kwa wagonjwa wa saratani ya titi mwaka 2015, na kwenye majaribio nusu au zaidi ya wanawake walibaki na sehemu kubwa ya nywele zao. Kwa ile dripu nyekundu matokeo huwa hafifu zaidi. Barafu ya kienyeji iliyofungwa kwenye taulo haifanyi kazi hiyo na inaweza kuunguza ngozi, msijaribu.

Wageni, majirani na shule

Tatizo kubwa huenda lisiwe watoto, likawa wageni. Anaingia mtu sebuleni, anamwona mgonjwa, anapiga kelele: "Jamani umekwisha!" Watoto wamekaa pale. Baba, kazi ya mlangoni ni yako. Mgeni aelezwe nje kabla ya kuingia, na anayeshindwa kujizuia asalimie kwa simu. Wapo pia watakaonong'ona kuhusu ukimwi au uchawi. Hamna deni la kumweleza kila mtu, lakini watoto wapeni jibu moja fupi la kutembea nalo: "Mama anaumwa, anatibiwa Ocean Road." Mwenye jibu hababaiki.

Nendeni kwa walimu wa darasa mkawaambie wenyewe. Neno "kipara ngoto" linatoka haraka midomoni mwa watoto, na mwalimu anayejua atalizima kabla halijawa wimbo wa darasa zima.

Na mama mwenyewe? Umeniambia hataki aonwe. Ana haki hiyo. Anaweza kuvaa kilemba usiku na mchana, na watoto waambiwe hakivutwi. Kuwaambia ukweli na kuwaonyesha kichwa ni mambo mawili, na la pili ni lake aamue. Usimharakishe, na usimwambie "ni nywele tu". Mwanamke huyo pengine anakaribia kupoteza titi pia. Kwake si nywele tu. Ninachoomba usikubali ni kimoja: asije akasema heri aache tiba kuliko kunyonyoka. Wapo waliochelewesha dripu kwa sababu hiyo, na uvimbe hausubiri. Akifika hapo, ombeni aonane na mama aliyemaliza kemo. Pale kliniki hawakosekani, na muuguzi akiombwa huwakutanisha. Dakika kumi na mwanamke mwenye nywele zilizoota zinazidi safu yangu hii yote.

Kitu kimoja zaidi kwa wote nyumbani, akiwemo wa darasa la sita. Mama akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi, ni dharura ya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Asimeze panadol akasubiri kuche. Nunueni kipimajoto, na namba ya hospitali iandikwe ukutani mahali ambapo mtoto anaifikia.

Zikishaota

Zinaweza kuja tofauti. Kwanza manyoya laini kama ya mtoto mchanga, kisha nywele zenyewe, pengine laini zaidi, pengine zenye mvi, pengine zikijikunja kwa namna mpya. Mara nyingi mabadiliko hayo hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Watoto watataka kuzishika kila asubuhi, na huyo mdogo ataziona kama zake.

Hapo ndipo kina mama wengi hukimbilia saluni, na hapo ndipo nawaomba wapunguze mwendo. Kuweka dawa, kupaka rangi, kushonea wigi na rasta zinazobana visubiri kama miezi sita, na daktari aulizwe. Unywele mchanga ukivutwa hukatikia kwenye mzizi. Akianza kusuka, msusi aambiwe alichopitia: mistari mikubwa, mkono mwepesi, na akisikia maumivu zifumuliwe palepale. Ikiwa miezi sita imepita tangu dozi ya mwisho na bado kuna mapengo, hasa kwa aliyepewa dosetakseli, alitaje kliniki. Kwa wachache hazirudi zote, na daktari wa ngozi anaweza kuangalia.